Keria ya Baiskeli ya Baba

Kabla ya kipindupindu, baiskeli ya baba ndiyo iliyokuwa basi la kijiji chetu. Tulikaa ndani, mbali na Mlandizi, kwenye nyumba za mstari tulizohamishiwa enzi za vijiji vya ujamaa, na aliyetaka kufika barabara kuu alimwomba baba ampakie. Wajawazito walikaa upande kwenye keria, mkono mmoja umeshika tandiko. Aliyejua kuendesha aliiazima, akairudisha jioni na mihogo miwili mitatu, au bila hata asante.

Ugonjwa ulipoingia, kwanza mabasi yaliacha kusimama. Barabarani paliwekwa kizuizi, asiye na cheti cha chanjo hapiti. Kisha baba akampakia jirani yetu aliyekuwa akiharisha na kutapika, akamfikisha zahanati, na jirani akafia huko. Tangu siku hiyo hakuna aliyeigusa ile baiskeli. Baba aliisugua kwa majivu na maji ya moto, akaianika juani, lakini wapi. Watu wazima na akili zao walikwenda Mlandizi kwa miguu, mizigo kichwani, na wakikutana na baba njiani waliingia porini kumpisha. Maji ya kisima waliyanywa vilevile, bila kuchemsha. Baiskeli ndiyo waliyoiogopa. Hasira ile sijaimaliza mpaka leo.

Mama aliitetea kila alipokwenda kuchota maji. Aliwaambia wenzake kwamba mumewe anaipanda kila siku na hajaumwa hata tumbo. Walimsikiliza wakiwa wamesimama mbali naye. Alirudi amenuna, akaitua ndoo kwa kishindo.

Kisha ugonjwa ukamshika yeye. Ulianza alfajiri, na jua lilipotoka macho yake yalikuwa yameingia ndani, sauti imekauka. Baba akaitoa baiskeli, akakunja gunia juu ya keria, akamwambia apande. Mama akakataa.

"Nikipanda, watasema ndiyo iliyoniua," alisema. "Nitatembea."

Baba alimbembeleza, akamgombeza, mwisho akakubali. Wadogo zangu tuliwaacha mlangoni wakilia. Mimi nilikuwa binti mkubwa tayari, nikamshika mama kiunoni, na baba akaikokota baiskeli ubavuni mwetu ili mama akibadili mawazo iwe karibu. Majirani walitutazama kutoka barazani mwao. Nilimchukia mama kwa ukaidi wake. Nilitamani tumfunge kamba, tumpakie kwa nguvu.

Tulisimama kila alipochuchumaa. Tulipofika bondeni alikaa chini, akaomba maji, nami nikampa, lakini hakuweza kuyameza. Baba aliilaza baiskeli majanini, akampakata. Mama alikufa pale, na chombo cha kumfikisha zahanati kilikuwa kimelala pembeni yetu, kizima kabisa. Watu wa afya walimzika siku ileile. Hakuoshwa na wanawake wenzake.

Ugonjwa ulipopungua, mwanamume mmoja wa mstari wetu alikuja kuomba baiskeli ampeleke mkewe mjamzito barabarani. Alisimama nje ya uwanja. Alizungukazunguka kwa maneno ya pole, kisha akauliza kama marehemu alibebwa nayo. Nilitaka kumfukuza kwa mawe. Baba aliingia ndani, akaitoa, akafuta vumbi kwenye keria kwa kiganja chake.

"Chukua," alimwambia. "Mama yao hakuipanda."