Nani Kamfundisha Nani Kuketi

Jamani, Simba wangu ndiye mtoto wa mbwa mwenye akili kuliko wote hapa Arusha!

Haya, nimedanganya.

Mke wa Bwana Shamba, anayetufundishia mbwa uwanja wa Boma, alishasema: atakayeshindwa leo kumketisha mbwa wake, anamrudisha alikompata. Na mimi Simba nimeshampenda.

Zamu yangu ikafika. "Simba, keti!"

Akanitazama tu.

"Keti, we!"

Wapi.

Hapo nikakumbuka, masikio yakaniwaka. Nyumbani, kwa ajili ya magoti haya mabovu, kila nikimwambia keti, na mimi naketi kwenye kigoda.

Ningefanyaje? Nikaketi. Kwenye tope, na suruali ya kanisani!

Simba naye akaketi, pwa!

Yule mama akasema, "Mbwa amefaulu. Mzee, wewe rudi Jumamosi ijayo."

Watu kucheka si neno. Lakini mbele kabisa alisimama mke wa mwanangu, na mkungu wake wa ndizi. Sisi wakwe, kwa heshima, hata kula pamoja hatuli.

Akaniamkia huku anatazama mlima. "Shikamoo, baba."

Nikaitikia marahaba, bado nimeketi topeni.

Chekeni tu. Ila wewe jirani yangu Elia, unayecheka kuliko wote, juzi nilikuzalishia ng'ombe wako mpaka asubuhi. Kesho ni Jumapili. Niazime suruali.