Mwongozaji wa Maisha ya Kawaida

Mwongozaji wa filamu alikuja Akureyri, mji wetu huku Iceland, kuturekodi tukiishi maisha ya kawaida ya Krismasi, kisha akahamisha meza yetu, akazima redio na kumwambia mama acheke upya. “Tena, mama, lakini kwa kawaida.” Aliyarudia maneno hayo mara nyingi kuliko mchungaji wetu anavyorudia Baba Yetu. Vidole vyake havikutulia: vilipanga mishumaa, vikadokoa vyakula. Jana vilifungua kopo la mikate myembamba ya Krismasi tunayoichonga michoro ya majani kwa kisu kabla ya kuikaanga, vikatoa wa mwisho aliouchonga baba, wiki moja kabla hatujamzika. Ulipovunjika mdomoni mwake, nilimwomba Mungu anizuie mkono.

“Huo ni wa marehemu!” nikafoka.

Akaganda, mashavu yamejaa.

“Malizia, mwanangu,” mama akamwambia. “Lakini kwa kawaida.”