Uzi wa Nne wa Gitaa la Mzee Kobus

Kwa miaka sita Thierry alilinda geti la magorofa huko Kensington, na maneno yote aliyomwambia Mzee Kobus yasingejaza ukurasa. Mzee alipanga gorofa ya chini. Jioni alikaa barazani akicharaza gitaa lake kuukuu, muziki wa mbio wa milima ya Amerika, hata vidole vilipoanza kukakamaa. Ubao wa gitaa hilo ulikuwa umelika karibu na tundu na kunuka tumbaku. Thierry aliusikiliza ule muziki mpaka akaweza kuupiga mluzi.

Mwaka 2017 mzee akajiandaa kuhamia nyumba ya wazee.

"Kaa nalo wiki moja," alimwambia Thierry, akimkabidhi gitaa. "Mkielewana, ni lako. Ila usibadilishe kitu. Jumatatu nitalisikiliza."

Jumapili Thierry alilipiga kanisani, Bellevue. Alikofundishwa gitaa, Lubumbashi, uzi wa nne hutolewa, ukawekwa mwembamba kama wa kwanza ili ulie juu. Alifanya hivyo asubuhi bila kufikiri, kama mtu anayevua viatu mlangoni. Kanisa zima lilicheza. Aliporudi chumbani akajaribu kuurudisha uzi wa mzee, ukakatika.

"Eish! Alinikataza!"

"Papa Chloé, nenda kamwambie," alisema mkewe Brigitte, akimwita kwa jina la binti yao huku akisonga bukari, ugali wa kwao.

"Nianzie wapi?"

"Anzia mdomoni. Unao, niliuona siku ya harusi."

Jumatatu mzee alilitazama gitaa. "Uzi wa nne umekuwaje?"

Masikio ya Thierry yakawaka moto. "Nimeubadilisha mimi, mzee. Kwetu tunaweka mwembamba. Wa kwako umekatika. Nisamehe."

Mzee alilichukua gitaa akapiga wimbo wake polepole, vidole vikigoma. Uzi mwembamba ukalia katikati ya nyuzi nene. Akaacha. Akapiga tena.

"Banjo," alisema. "Banjo ina uzi mwembamba upande wa nyuzi nene, unalia hivi hivi. Tangu rafiki yangu mpiga banjo afe, napiga peke yangu. Leo nimemsikia humu ndani."

Akampa gitaa. "Huo uzi usiutoe."

Thierry alilikumbatia, akatazama viatu vyake.

"Huko nyumba ya wazee," aliuliza, "Jumamosi wanaruhusu wageni?"

"Wanaruhusu. Ila usije mikono mitupu."