Verlene na Jike Asiyetikisa Nyonga

Verlene Stroud alipeleka barua kwa gari katika milima ya Ozark miaka thelathini, na karibu kila siku akitoka kazini alipanda farasi. Kisha akauziwa farasi aliyepewa dawa ya kumpumbaza. Kesho yake dawa ikaisha, farasi akamtupa kwenye mawe, nyonga ikavunjika. Daktari aliyemwekea chuma alimwambia asahau kupanda, labda apate farasi wa mwendo laini usiomrusharusha.

Ndiyo maana alifika kwa Orval Maddox, aliyekuwa akiuza farasi jike wa mwendo kama huo, siku moja kabla ya ile waliyopatana.

Mzee Orval alikuwa akiwamwagia kuku mahindi. Verlene alipopiga hodi, akamtambua kwa sauti aliyoisikia kwenye simu, akacheka. "Umekuja kunifumania, mama?"

"Ndiyo," Verlene akajibu bila haya. "Nilishatapeliwa mara moja."

"Basi kamkamate mwenyewe. Yuko bondeni, sijamgusa tangu juzi."

Kweli, jike yule aliyeitwa Juni alikuwa na matope yaliyokauka hadi tumboni. Verlene akampapasa kifua, akamwinua mguu mmoja mmoja, akamchungulia macho, akamnusa mpaka mdomo.

"Ukimaliza huko kuna mkia," Orval akasema.

"Tulia, mzee, nitaufikia. Kwa nini unamuuza?"

"Macho yangu. Wiki iliyopita nilimpeleka moja kwa moja kwenye kamba ya kuanikia nguo. Yeye alisimama. Mimi ningeendelea."

Verlene akamsugua matope kwa brashi, akamtandika, akapanda kwa kukanyagia gogo. Juni akaanza kwa kutembea, kisha akashika ule mwendo wake, miguu ya mbele ikitembea, ya nyuma kama inakimbia, kichwa kikiinama na kuinuka kwa kila hatua. Verlene akabana meno akingoja maumivu. Hayakuja. Tandiko lilitulia kama kiti cha jikoni.

Kwenye kona ya kijito, bata mzinga watatu wakachomoka vichakani kwa kishindo. Verlene akafumba macho na kushika manyoya ya shingo. Akahisi farasi ameganda chini yake. Alipofumbua, Juni alikuwa amesimamisha masikio, akiwatazama ndege wakipotelea. Akapiga chafya, akaendelea na safari.

Hapo kitu kilichomkaa Verlene kifuani miaka miwili tangu aanguke kikalegea. Akapanda mpaka mwisho wa bonde, akarudi akicheka huku akitokwa na machozi asiyoyafuta.

"Haya, umeumia wapi?" Orval akauliza.

"Mashavu. Nimecheka njia nzima. Nakulipa ile bei uliyosema."

"Yote? Mimi nilijiandaa kubishana!" Mzee akaonekana kusikitika kidogo. "Hapana, kwanza kalale. Rudi siku nyingine bila kuniambia, umpande tena, ndipo ulipe."

Verlene alirudi Alhamisi, mvua ikinyesha. Juni alikuwa yule yule, mwendo ule ule. Alilipa akiwa amelowa chapachapa, akamwacha Orval amshike farasi shingo kwa muda aliotaka, kisha akampanda hadi kwake, maili nne, bila kushuka hata mara moja.