Kipande cha Kwanza cha Diski

Mimi si mtu wa kutulia. Niseme mapema, msije mkadhani yaliyotokea yalitokana na uvivu. Uvivu ningeusamehe. Kilichoniponza ni mikono isiyokubali kukaa bure, mikono ambayo hata nikinywa chai inatafuta kitu cha kukagua.

Nilikuwa fundi wa kompyuta katika hospitali ya misheni nje kidogo ya mji wa Kakamega, upande wa kuelekea Khayega. Fundi ni mimi peke yangu na seva ni moja, sanduku jeusi lililowekwa katika chumba ambacho zamani kilikuwa stoo ya magodoro. Ndani ya sanduku hilo zilikaa kompyuta nne za kuigiza, yaani kompyuta ambazo huwezi kuzishika kwa mkono, lakini kila moja inajiona ni kamili, ina diski yake na kazi yake. Moja ilikuwa ya maabara, moja ya dawa, moja ya ofisi, na moja ya kliniki ya akina mama. Hiyo ya kliniki ndiyo iliyoninyima usingizi. Kila mama aliyejifungulia pale, kila mtoto aliyechanjwa, alikuwa humo.

Sasa, mwanzoni kabisa mwa kila diski kuna kipande kidogo, hakizidi jumbe chache za simu. Kina mambo mawili: maelekezo ya kuiamsha kompyuta, na orodha ya mipaka inayosema sehemu hii inaanzia hapa inaishia pale. Kipande hicho kikiharibika, kumbukumbu zako zote bado zipo, ila kompyuta haijui ziko wapi. Ni kama kurudi nyumbani ukakuta watu wamelima mahindi mpaka juu ya njia zote. Kwa hiyo kila Ijumaa, baada ya chai ya saa nne, nilinakili vile vipande vinne na kuviweka kwenye flashi. Hakuna aliyenituma. Na nakala za zamani sikuzifuta, maana kutupa kitu kuliniuma.

Sista wa kliniki, mama mwenye sauti ya kuamrisha hata anapokuomba chumvi, alinitania kila aliponikuta pale. “Daktari wa mashine, mgonjwa amelala vizuri, wewe unampima nini tena?” Mimi nilicheka tu. Yeye hakujua wasiwasi unavyowasha.

Ijumaa moja wasiwasi ulinipanda vibaya. Nilijiuliza: hizi nakala ninazorundika, kwani zinafanya kazi? Nani amewahi kuzijaribu? Nilikuwa na kompyuta ya tano, ya majaribio, niliyoinakili kutoka ile ya kliniki miezi kadhaa nyuma, kabla sijaiongezea kliniki diski na kupanga mipaka yake upya. Nikaona nichukue kipande cha zamani, kinachoendana na ile ya majaribio, nikiandike mwanzoni mwa diski yake, kisha niizime na kuiwasha nione kama itaamka.

Nilifungua madirisha mawili kwenye skrini, yote meusi, yote na maandishi meupe. Nikaandika amri, nikabonyeza. Ikasema imemaliza. Nikaizima kompyuta ya majaribio, nikaiwasha, ikaamka bila shida. Nilifurahi, haki ya Mungu. Siku hiyo nilikula obusuma, ugali wa kwetu, na mboga ya murere katika kantini nikiwa nimekaa, si kusimama mlangoni kama kawaida yangu.

Jumatatu, mwendo wa saa nane mchana, mvua ya huku kwetu ilifika na ngurumo zake, na stima ikapotea. Hilo si jambo geni. Betri za seva zilikuwa zimechoka, zilishikilia kama dakika kumi, na katika dakika hizo mzee aliyetunza jenereta ya hospitali siku zote alikuwa amekwisha kuingurumisha. Mzee huyo alikuwa ametoka Chekalini miaka mingi nyuma. Shamba lake la huko lilikuwa limegawanywa kwa wanawe wote, akabaki na chumba cha wafanyakazi nyuma ya jengo la dobi, yeye na mkewe. Kwa muda wote niliofanya kazi pale sikuwahi kuona amechelewa.

Siku hiyo alichelewa. Sista wa wodi ya wanaume alikuwa amemtuma upande wa pili wa kiwanja kubeba mtungi wa oksijeni, na mtu hawezi kuutupa mtungi wa oksijeni kwenye majani akimbie. Nilimwona kupitia dirishani akija mbio kwenye mvua, gambuti zikimpwaya. Betri zilikuwa zinalia. Zikalia, zikanyamaza, na sanduku jeusi likazima pamoja nazo.

Jenereta iliposhika, niliwasha seva. Maabara ikaamka. Dawa ikaamka. Ofisi ikaamka. Kliniki ikaniletea skrini nyeusi na mstari mmoja uliosema haioni mfumo wowote wa kuwashia. Nikarudia. Mstari uleule.

Kule kliniki benchi zilikuwa zimejaa akina mama, na sista alikuwa ameanza kuchana karatasi za daftari aandike kwa mkono. Mama mmoja aliyetoka Likuyani alikuwa na kadi ya mtoto iliyolowa mpaka wino ukaondoka wote. Aliambiwa asijali, mashine inajua. Mashine wakati huo haikujua hata jina lake yenyewe.

Msimamizi wa hospitali alikuja chumbani kwangu na koti lake la mvua bado linadondosha maji. Mzee wa jenereta alimfuata nyuma akasimama mlangoni.

“Nini kimeiua?” msimamizi aliniuliza.

“Seva ilizimika ghafla.”

“Na jenereta ilikuwa wapi?”

“Ilichelewa,” nikasema.

Neno moja, na lilikuwa la kweli. Msimamizi akageuka, akamtazama mzee kutoka kichwani mpaka kwenye gambuti. Mzee akaanza kueleza mambo ya oksijeni, lakini alikuwa anauelezea mgongo, kwa sababu msimamizi alishampita.

Nilijifungia. Nikafungua ile diski kutoka nje, kupitia seva yenyewe, nikasoma kipande chake cha kwanza. Mipaka niliyoikuta humo haikuwa ya sasa. Ilikuwa ya zamani, ya kabla sijaongeza diski. Nikaisoma tena, nikidhani macho yananidanganya. Stima ikikatika ghafla inaweza kuharibu vitu vingi, lakini haiwezi kuiandika upya mipaka ya miezi iliyopita, kwa usahihi, nambari kwa nambari. Nikafungua orodha ya amri zilizowahi kuandikwa katika kompyuta ya kliniki. Ilikuwepo pale, ya Ijumaa, saa tano kasoro dakika chache, kwa mkono wangu. Nilikuwa nimeandika kwenye dirisha lisilo lake.

Kompyuta inayoendelea kufanya kazi husoma kipande hicho mara moja tu, inapoamka. Ndiyo maana kliniki ilifanya kazi Ijumaa yote na wikendi yote bila kuonyesha dalili, ikisubiri tu siku itakapozimwa. Na ile ya majaribio iliamka vizuri kwa sababu sikuwa nimeigusa kabisa. Nilikuwa nimejipongeza bure.

Dawa yake ilikuwa rahisi mno. Nakala nzuri niliyoichukua Ijumaa hiyohiyo, kabla ya ujinga wangu, ilikuwa kwenye flashi. Niliirudisha, nikiwa nimesoma amri mara nane kabla ya kubonyeza. Kliniki ikaamka na kila kitu chake, mama na mtoto, chanjo na tarehe. Sista alipiga makofi. Msimamizi alinishika mkono kwa mikono yake miwili. “Umetuokoa,” akasema. “Yule mzee angetumaliza.”

Hapo ndipo ningesema. Mdomo ulikuwa wangu, pumzi ilikuwepo. Nikatabasamu.

Kesho yake mzee alipewa barua. Asiguse jenereta, afyeke nyasi za kiwanja mpaka kamati itakapokaa kuamua. Kamati ikimwona na hatia, anaacha kazi na anaacha chumba. Nami, ili mjue nilikuwa mtu wa aina gani siku hizo, nilirudi kwenye ile orodha ya amri nikafuta mstari wangu.

Wiki mbili na siku kadhaa sikukaa. Nilikwenda kukagua nyaya zilizokuwa salama. Nilikwenda wodini kuuliza kama printa inafanya kazi, ikiwa inafanya kazi. Chakula kilinishinda. Nilijitetea kichwani kutwa nzima: si kweli kwamba alichelewa? Si kweli kwamba betri zimechoka na nililalamika mapema? Asingechelewa, mashine ingekufa siku nyingine, na siku hiyo labda nisingekuwepo, na mambo yangekuwa mabaya zaidi. Ukinisikiliza vizuri, ungeona mzee anastahili shukrani kwa kuchelewa. Hivyo ndivyo mtu mwoga anavyofikiri, nami nilikuwa mwoga, na nilijichukia kwa hilo bila kuacha kuwa hivyo.

Siku moja mke wa mzee alinikuta kwenye mfereji wa maji. Alikuwa amebeba ndoo, kapu na gunia tupu.

“Wewe ni msomi,” akaniambia, “unajuanga hawa wakubwa. Kwani watatufukuza?”

“Sijui, mama.”

“Nimeanza kupanga vyombo. Vijana kule Chekalini wanasema hakuna nafasi, lakini mtu anafinyana tu.” Akasukuma gunia ndani ya kapu, akafungua mfereji. “Wewe ungekuwa mimi ungengoja au ungepanga?”

Nilisema nina kazi inaningoja, nikaondoka. Maji yangu niliyaacha pale kwenye ndoo.

Kamati ilikaa Alhamisi, saa nne asubuhi. Hakuna aliyeniita. Niliingia bila kubisha, na kabla mtu hajaniuliza nataka nini nikasema kwamba jenereta haikuiua kompyuta ya kliniki, niliiua mimi, tangu Ijumaa iliyoitangulia mvua ile, kwa kuandika kipande cha zamani juu ya diski iliyokuwa hai.

Msimamizi alivua miwani. “Una uhakika? Ushahidi wa hilo uko wapi?”

“Niliufuta.”

Kuna mjumbe mmoja, mchungaji mstaafu, aliyeandika neno moja kwenye karatasi akalipigia mstari, na mpaka leo ningependa kujua lilikuwa neno gani. Waliniuliza maswali mengi, nikayajibu yote, na kila jibu lilinitoka kwa urahisi ajabu, kama mtu anayetapika. Nilipewa barua ya onyo, nikanyang'anywa ufunguo wa chumba cha seva kwa mwezi mzima. Mzee alirudishwa kwenye jenereta mchana uleule.

Nakiri kwamba nilipokuwa nakwenda kwenye kibanda cha jenereta nilikuwa natembea kifua mbele. Nilikuwa nimesema ukweli, na ukweli umenigharimu. Nilitarajia machozi kidogo, pengine nishikwe mkono. Nilimkuta anapangusa tangi kwa kitambaa.

“Mzee, ilikuwa mimi,” nikamwambia. “Mashine ile. Nimewaambia kamati. Naomba unisamehe.”

“Nilijua,” akasema.

“Nani alikuambia?”

“Stima.” Aliendelea kupangusa. “Sanduku ni moja, na ndani kuna kompyuta nne, si ndivyo unavyosemanga? Stima ilizima zote nne. Tatu zikaamka, moja ikakataa. Stima haichaguangi, mwanangu. Kuchagua ni mambo ya watu.”

Nilisimama pale na ombi langu la msamaha mkononi. Miaka yote ya kusomea kazi hii, na mimi niliyekuwa na jibu mbele ya macho yangu nilihitaji kufungua diski ili nilione.

“Mbona hukuwaambia hivyo? Ungewaambia siku ileile.”

Aliacha kupangusa, akanitazama. Hakuwa na hasira. Ningefurahi kama angekuwa nayo.

“Mimi mtu wa dizeli, niwaambie mambo ya kompyuta? Nilisimama pale mlangoni nimelowa, nikasema habari ya mtungi wa oksijeni, kitu nilichobeba kwa mabega yangu. Walinisikia?”

Akakunja kitambaa.

“Basi hilo la kompyuta ningemwambia nani anisikie?”

Aliuliza kwa upole, kama anayetaka kujua kweli. Nami nikajaribu kumtafutia mtu. Nilipita hospitali yote kichwani, mlango kwa mlango, kuanzia ofisi ya msimamizi, maabara, kliniki kwa sista, mpaka nikafika kwenye chumba kile cha magodoro na kujikuta mimi mwenyewe nimekaa mbele ya skrini. Hata mimi nisingemsikia.