Mama Katika Folda ya Juu

Mwaka aliofariki mama nilikuwa karani katika ofisi moja ya kuuza samaki ng'ambo, hapa Kisumu, upande wa Milimani. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini na ofisi ilikuwa imepata tovuti. Tajiri alilipia nafasi katika kompyuta ya nchi za nje, fundi akaja kutoka Nairobi, akanionyesha namna ya kupandisha picha za minofu ya mbuta, wale samaki wakubwa wa ziwani, ili wanunuzi wazione. Nilijua pa kubonyeza. Sababu sikuijua, wala sikuitafuta.

Kaka yangu mkubwa alikuwa Marekani na karatasi zake hazikuwa sawa; akitoka, harudi. Basi tulimzika mama bila kifungua mimba wake, kushoto kwa nyumba yake kama ilivyo desturi. Mimi nilipewa kamera nipige picha kwa ajili ya kaka. Alikuwa amesema kwenye simu kwamba mpaka alione kaburi, kwake yeye mama yuko hai. Hakuwa anatania.

Sikulia. Nilikuwa kama mtu aliyeng'olewa jino na ganzi haijaisha: ulimi unagusa shimo, shimo halisikii kitu. Jumatatu nilirudi kazini, nikamwomba tajiri niweke picha zetu kwenye tovuti yake, akakubali bila kuinua kichwa. Nikazipitisha zote kumi na mbili kwenye skana, nikafungua akaunti ya tovuti.

Folda zilikuwa zimepangana kwenye skrini. Ya juu kabisa ilibeba jina la akaunti, na ndani yake kulikuwa na nyingine: moja ya barua, moja ya kumbukumbu za mashine, na moja iliyoitwa public_html, walimolala mbuta wetu. Nikawaza kama mtu wa kwetu. Kwenye boma, nyumba ya mama iko ndani kabisa, inatazama lango; wana ndio hujenga karibu na lango. Public_html, wanamopita wanunuzi, niliiona ndiyo geti, na mama hawekwi getini na samaki. Nikamweka folda ya juu, na kaka alipopiga simu nikamtajia anwani.

Akasema haoni kitu, ila maandishi kwamba ukurasa haupo. Kesho yake vilevile. Siku ya tatu aliacha kunilaumu, akaanza kuuliza polepole kama kweli mama amekufa, au yuko hospitali na tunamficha. Nilikasirika, hasira chovu isiyo na nguvu, nikampigia fundi.

"Madam," akasema, "hiyo folda ya juu ni ya wewe mwenye akaunti. Mtu wa nje hawezi ingia huko hata ukimpea anwani. Dunia inaona tu kile iko ndani ya public_html."

Nikamwuliza kama hakuna njia nyingine. Akasema naweza kutengeneza folda ndogo humo ndani, na anwani itafuata folda, kama unavyomwelekeza mgeni: fika kwenye tovuti, ingia folda fulani, chukua picha fulani. Somo lenyewe ndilo hilo. Nikatengeneza folda, nikaiita mama kwa herufi ndogo, nikahamisha picha moja moja. Majirani zake wakawa mbuta. Aliuza omena, dagaa wa ziwani, ufukweni maisha yake yote, sidhani angejali.

Kaka alipiga saa tisa alasiri, kwake ikiwa asubuhi, amekaa mbele ya kompyuta. Picha zilifunguka polepole na kila moja alinieleza kama vile sikuwa nimeiona. Jeneza. Udongo. Akasema sasa ameamini, akalia, mtu mzima, na mimi nimeshika simu nikitazama kalenda ukutani.

Kisha akasema, "Nyamera, nimefungua zote. Wewe uko wapi?"

Nikatoa picha kwenye bahasha nikazipitia, eti labda ningejikuta. Shangazi walikuwemo, mchungaji, majirani, hata mbwa.

"Nilikuwa nimeshika kamera," nikamwambia.

"Basi hata wewe hukumzika."

Tajiri alitoka chumbani kwake akanikuta nalia juu ya kibodi. Alidhani mtandao umepotea tena, akaniambia nitulie, utarudi.