Kiti Nilichomnyang'anya Mtani

Ipo asubuhi moja ya masika, mwanangu, ninayoikumbuka bila kuiita. Hunijia nikiwa nusu nimelala, nusu niko macho, hapa barazani kwangu Mbwawa, chai ikipoa pembeni. Huanza na mlio. Ndege hupita juu ikielekea bara, mimi hufumba macho, na mara ninakuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, nimevaa kaptula ya kaki iliyopigwa pasi ikakakamaa kama ubao, nimeketi mahali ambapo hapakuwa pangu.

Jana umefika hapa umevimba kwa hasira. Umenisimulia jinsi ulivyomkuta mzee mmoja ndani ya ndege amekalia kiti chako cha dirishani, mkabishana, mkaonyeshana tikiti, akaitwa mhudumu, abiria wote wakageuza shingo, mpaka yule mzee akainuka. Ulishinda. Nilikusikiliza nimefumba macho, nawe ukadhani mzee wako amesinzia. Sikusinzia. Nilikuwa nimepanda ndege yangu.

Wakati huo alikuwa anatawala Mwingereza. Mimi ni mtoto wa mkulima wa Maneromango. Nilisomeshwa na misheni, nikahitimu ualimu, nikapangiwa shule Tabora. Wiki ya kuondoka, mvua zikaikata reli, na shule ilikuwa karibu kufunguliwa, basi ofisi ikaamua nipelekwe kwa ndege. Habari hiyo ilitikisa Maneromango kuliko harusi yoyote. Shangazi yangu aliniuliza kama huko juu kuna hewa ya kutosha au nibebe yangu. Baba alinisindikiza mpaka kwenye lori, akanishika bega: "Ukifika juu, patazame kwetu panaonekanaje. Uje uniambie."

Maneno hayo niliyabeba moyoni hadi kiwanja cha ndege Dar es Salaam. Huko tulikaa chini ya banda la bati tangu alfajiri mpaka jua likawa kali. Ninyi mnalalamika mkicheleweshwa, lakini mna viti na mna vinywaji. Sisi tulikuwa na benchi moja na nzi. Kisha tukapimwa, mwanangu. Si mizigo tu, sisi wenyewe, mmoja mmoja, juu ya mzani kama magunia ya pamba. Alipopanda Mzungu mmoja mwenye kitambi, mshale ukaruka, na magunia mawili ya barua yakashushwa ili yeye aende. Sisi weusi tuliokuwa na safari siku ile tulikuwa wawili tu. Tukapewa vikaratasi vyenye namba za viti, vyote viwili huko nyuma mkiani.

Mwenzangu alikuwa mama mtu mzima, Bibi Nyamizi, Mnyamwezi. Mumewe alikuwa amekufa miezi mitatu nyuma katika shamba la mkonge karibu na Kibaha, walikokuwa wameishi ujana wao wote, na mwanawe aliyekuwa karani Tabora alimtumia tikiti arudi kwao. Haya nilikuja kuyajua baadaye. Pale bandani sikumuuliza kitu. Nilimwamkia tu, "Shikamoo, mama," akaitikia kwa lafudhi ya Kinyamwezi, "Marahaba, mwanangu," nikarudi kuitazama ndege.

Mlango ulipofunguliwa nilikuwa wa kwanza kupanda. Kikaratasi changu kilikuwa cha kiti cha upande wa njia. Kile cha dirishani kilikuwa chake. Nilijua vizuri, namba nilizisoma mimi mwenyewe, ualimu wote ule. Nikakaa dirishani.

Akaja polepole, kaniki kichwani, kifurushi cha nguo mkononi. Akasimama. Akaitazama namba, akanitazama mimi.

"Kijana, nadhani hapo ni pangu."

Hapo ndipo nilipofanya ujanja ambao hadi leo unanichoma. Wewe umezaliwa mjini, pengine hujui utani ulivyokuwa na nguvu. Sisi Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani wako akikutwalia kitu, huruhusiwi kukasirika. Utacheka, kisha utakikomboa au utamwachia. Nami nikapiga paja kwa furaha: "Mama, wewe si Mnyamwezi? Mimi Mzaramo wa Maneromango! Hiki kiti nimekitwaa. Umechelewa, mtani!"

Alitabasamu. Nilimwona jinsi alivyolitafuta tabasamu lile kabla ya kulipata, lakini sikutaka kuona. Binti wa Kizungu aliyekuwa akitugawia peremende na pamba za masikio akaja kuuliza kuna nini, akaviona vikaratasi, akaninyooshea kidole niinuke. Bibi Nyamizi akamzuia kwa mkono. "Mwache, huyu ni mtani wangu," akasema kwa Kiswahili, na yule binti hakuelewa hata neno moja, akainua mabega, akaenda zake. Nami nikajiona bingwa.

Tukapaa. Ah, mwanangu, nikisema sikufurahi nitakuwa mwongo. Ardhi ilinitoka chini ya miguu, minazi ikawa midogo, bahari ikabaki nyuma, nikabandika uso kwenye kile kioo nikasahau kwamba nina mwili. Mlio wa panga za ndege ulinijaa kichwani mpaka nikawa siusikii tena. Vivuli vya mawingu vilitembea juu ya mashamba bila haraka, kama ng'ombe wanaorudi zizini. Nilitafuta kwetu. Upande wa Kisarawe kulikuwa na ukungu mweupe umelala juu ya vilima, na Maneromango ilikuwa huko chini yake, na mama yangu na kuku wake, nisione hata paa moja. Sikuhuzunika. Nilielea tu.

"Mtani," nikasikia sauti kwa mbali, "ukiuona mto, niambie."

"Ndiyo, mama," nikajibu, kama unavyomjibu mtu usingizini.

Na mto niliuona. Tulikuwa hatujapanda sana. Ruvu ilikuwa imefurika, maji ya rangi ya chai ya maziwa yametapakaa kotekote, na mahali mto unapopinda kulikuwa na kijisehemu cha nchi kavu kimebaki juu ya maji, na juu yake mivumo mitatu, ile miti mirefu jamii ya minazi, imesimama, vivuli vyake vimelala majini. Palikuwa pazuri hata nikashika pumzi. Nikaangalia mpaka pakapita chini ya bawa. Sikusema kitu. Nilidhani mama wa watu anataka mazungumzo, nami sikutaka kuamshwa. Mara tukaingia mawinguni, kioo kikawa cheupe.

"Mtani, mto bado?"

"Tumeshaupita, mama."

Nikasubiri anitanie. Nilipogeuka nilimwona ameshika ukingo wa kiti cha mbele, shingo ameirefusha kunipita mimi, anakitazama kile cheupe.

"Hapo kwenye mpindo," nikasema, maana macho yake yalinitia wasiwasi, "kuna mivumo mitatu."

"Umeiona?"

"Nimeiona."

Akaketi vizuri. Akakunja mikono juu ya kifurushi chake, akazungumza taratibu, hivi hivi kama mtu anayekuelekeza njia. Kwamba walikuja pwani kwa miguu, yeye na mumewe, yeye akiwa na mtoto mgongoni. Kwamba mtoto alishikwa na homa njiani, akafa siku waliyoufikia mto. Walimzika kwenye mivumo ili wapajue. Na kila mwaka, tangu siku hiyo, walitoka shambani Kibaha wakaenda kupafyeka. Mwaka huu mume amekufa, mto umefurika, hakuna aliyekubali kumvusha. Na sasa anahamia Tabora, miguu yake haitarudi tena. "Mwanangu alipoandika kwamba nitapita juu," akasema, "nikamwomba aniombee dirisha. Nilitaka nimuage."

Mwanangu, ninakuambia wazi, nililia. Nilikuwa mwalimu, nina kalamu mfukoni, nikalia mbele ya Wazungu. Nikainuka kabla hajamaliza: "Kaa hapa, mama. Kaa, nakuomba."

"Nikae nitazame nini? Mawingu?"

Hakusema kwa ukali. Ningependa angesema kwa ukali. Nikabaki nimesimama na kichwa kimegusa dari, yule binti wa Kizungu ananiashiria niketi, na kiti cha dirishani kiko wazi kati yetu, hakuna anayekitaka.

"Keti, mtani," Bibi Nyamizi akasema mwishowe. "Umekitwaa kwa utani, nami nimekuachia kwa utani. Ila utani nao una upande wa pili. Nani hushika jembe mtu akifa kwenye nyumba yangu?"

"Mtani," nikasema.

"Nani hufagia kaburi?"

"Mtani."

"Basi kwa kiti changu, si ninakudai wewe jembe?"

Nikamwahidi kwenda kulifyeka kaburi la mtoto. Tukafika Tabora jioni. Nilimbebea kifurushi chake mpaka kwa mwanawe, kilikuwa chepesi mno.

Likizo ilipofika reli ilikuwa imetengenezwa. Nilirudi Maneromango, na baba akaniuliza hata kabla sijanywa maji: "Haya, kwetu panaonekanaje?" Nikamwambia hapakuonekana. Nikamweleza na lile lingine lote, nikingoja anigombeze. Hakunigombeza. Aliingia ndani akatoka na majembe mawili.

Tulitembea na kulala njiani. Mpindo ule nisingeupata kwa miguu kama nisingekuwa nimeuona kutoka juu. Maji yalikuwa yamekupwa, mivumo ipo, na katikati yake palikuwa na mawe machache, duara dogo, limemezwa na majani. Baba alivua kofia yake. Tulipalilia mpaka jua likageuka, tukafagia kwa matawi, tukayapanga mawe upya. Pale pale baba akaegemea jembe akasema, "Mimi nilikuagiza ukatazame kwetu tu. Kumbe nilikuagiza vibaya." Hakulirudia tena hadi anakufa.

Niliporejea Tabora sikwenda shuleni kwanza, nilikwenda kwa Bibi Nyamizi. Nilimkuta mlangoni, anachambua mbegu za karanga, macho yake yameanza kuingia ukungu. Alinitambua kwa sauti. Nikasimama mbele yake nikamsimulia kila nilichokiona: jinsi mto ulivyotapakaa, rangi ya maji, vivuli vya mivumo. Nikamsimulia kana kwamba ndiyo kwanza tunapita juu, nami nina kioo, yeye hana. Alifumba macho akasikiliza, mikono imetulia kwenye ungo.

"Na maji," akauliza, "yalimfika?"

"Hayakumfika, mama. Ni pakavu."

Halafu akanyoosha mkono nyuma ya mlango, akavuta kigoda, akakiweka kando yake na kukipangusa vumbi kwa upindo wa kanga.

"Haya, mtani," akasema. "Sasa kaa."

Nimekalia viti vingi tangu siku hiyo, vingine vya heshima, vyenye mito. Hakuna nilichokikalia kama kile.

Kwa hiyo sikulaumu, mwanangu. Kiti kilikuwa chako, namba ilikuwa yako, na mhudumu alisema kweli. Mimi nilikuwa mwizi, wewe ulikuwa na haki, na kwa hilo umenizidi. Lakini umenisimulia tikiti, umenisimulia mhudumu, umenisimulia shingo za watu, na hukunieleza kitu kimoja: yule mzee alitaka kuona nini? Hujui, kwa sababu hukumuuliza. Siku nyingine, kabla hujaitoa tikiti mfukoni, muulize mtu. Akikwambia hana analotafuta, basi kaa, ufurahi. Akikwambia analo, na ukaona huwezi kumpisha, basi tazama kwa niaba yake. Mwambie kilichoko chini, kimoja kimoja, usimnyime. Halafu likipita jambo ukagundua umekosa, usiishie kusema pole. Uliza deni linalipwaje, ulipe kwa mikono yako.

Magoti yangu sasa hayafiki Ruvu. Masika yakipungua nitakuelekeza ule mpindo, na jembe la babu yako liko nyuma ya mlango. Mungu akusafirishe salama na akurudishe salama. Akupe dirisha unapolihitaji, na akutie wepesi wa kuinuka anapolihitaji mwingine. Na siku macho yako yatakapoingia ukungu kama yangu, akuketishe kando ya kijana mwenye maneno mengi. Amina.